Mwito Uliovundikwa

Huyu anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, na haya nitakayoyasema yanamhusu yeye kuliko yanavyonihusu mimi. Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Kalamu nikiishika hugeuka mwiko. Lakini si hilo tu lililonifanya nimwite aandike. Katika miaka yote aliyokaa nyumbani kwangu hapa Nchelenge sijapata kumsifu usoni, kwa kuwa sifa ya usoni humlegeza kijana. Leo mikono yake ina kazi, na mtu anayeandika hawezi kujibu. Basi nitasema, naye atalazimika kuyaweka.

Usicheke. Andika.

Kazi yangu ni kuuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Mweru ambao hawazidi kidole cha mtoto. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku kucha na kuwaleta alfajiri. Sisi wanawake huwanunua wabichi, tukawaanika juu ya mchanga uliofagiliwa mpaka wakauke na kung'aa kama sindano mpya. Kazi hiyo nilifunzwa na mama yangu ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, nikavuka nayo vita vilipotuvusha. Vitu vingine tuliviacha. Kazi haina uzito, huvuka na mwenyewe.

Asiyelijua ziwa letu atauliza mvuvi huijuaje sehemu ya kutua. Siku za jua huijua kwa macho. Lakini miezi ya baridi ikiingia, ukungu huketi juu ya maji kama kuku juu ya mayai, na mvuvi anayerudi haioni hata ncha ya kasia lake. Simu hawaendi nazo, maana ziwa limekwisha kumeza nyingi. Hapo sikio huwa ndilo jicho. Kila mwanamke ana mahali pake mchangani, na kila mwanamke ana mwito wake, na mtumbwi huufuata mwito mpaka pua yake iguse mchanga. Kuna sheria juu ya jambo hilo, ingawa hakuna ofisi iliyoiandika: aliyekutoa ukunguni ndiye mnunuzi wako wa kwanza. Na kuna ya pili, iliyo kali zaidi: mtumbwi ukitua asubuhi tatu mfululizo kwa mwito wa mwanamke mwingine, umehama, na aliyehamwa hana wa kumlalamikia. Kupatana kwa maneno huku nchi kavu tunakuhesabu kuwa wizi. Mwito ndio unaosema, basi.

Mama yangu aliita akiwa ameingiza mdomo katika chungu kitupu, ili sauti itoke na tumbo. Mimi, kwa kuwa chungu hakivumilii safari, huita ndani ya ndoo ya plastiki. Mwito ni ule ule wa mama: sauti mbili ndefu, moja fupi, na ya mwisho inayopanda kama mtu anayeuliza jambo na kujua jibu lake.

Mtumbwi wangu, ambao ni wangu kwa desturi wala si kwa mbao, ni wa mzee mmoja wa Mununga, mvuvi, ambaye huvua pamoja na wanawe wawili. Ukoo wake na ukoo wa marehemu mume wangu ni watani, na huo ni utani wa kweli, ule unaomruhusu mtu kukutukana msibani na wewe ukamshukuru. Tangu nimjue hajanisalimu kama watu wanavyosalimiana.

"Bamayo," husema akiruka majini, na bamayo ndiyo heshima ya mama kwa Kibemba, ndiyo maana huitumia kabla ya tusi. "Bado uko muzima? Nilisikia ngombe analia kwenye ndoo, nikasema nije nimumalize."

"Ngombe anatafuna," nami humjibu. "Wewe unatafuna na nini? Meno uliachia nani? Shusha samaki."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu, na hayajapungua wala kuongezeka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Sasa nije kwa huyu anayeandika. Ana meza yake sokoni, na juu ya meza kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko cha mgongo, ambayo akifunga hurudi nayo nyumbani. Watu humletea kadi za simu naye huwajazia nyimbo. Kazi hiyo naielewa: ni kama kumjazia mtu kapu. Lakini kuna nyingine aifanyayo kwa kupenda tu, na hiyo ilinichukua muda kuielewa.

Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nikimenya mihogo uani. Ndani kukatokea sauti kama kwaya iliyomezwa na kinu cha kusagia: watu wanaanza kuimba vizuri, halafu neno moja linakwama, linajirudia, linasagika, linageuka mchanga. Niliingia na kitambaa kibichi mkononi, nikidhani kitu kinaungua.

"Mashine inakufa!"

"Haikufi, kambo," akanijibu, na kambo ndivyo kwetu ng'ambo mjukuu anavyomwita bibi yake. "Miye njo nimefanya ilie vile."

"Umeifanya?"

"Nimeikata kidogo. Nimechukua wimbo, nikaufungua kama maandishi, pale banafungulia barua, si pale banafungulia nyimbo. Nikatosha maneno hapa, nikaongeza pale. Nikafunga. Saa hii inaimba sawa vile."

"Kwa hiyo ilikuwa nzima."

"Ndiyo, kambo."

"Na wewe umeivunja."

"Ndiyo."

"Mutoto, umekosa vya kuvunja katika nyumba hii mpaka uende kununua vizima?"

Akasema, na neno hilo nalikumbuka kwa sababu sikulipenda: "Kambo, kuko vintu batu hawavisikie mpaka vivunjike."

Nilimpa sheria siku ile ile. Nyimbo za kanisa asiziguse. Na sauti zake zilizovunjika zisiingie nyumbani. Azichezee nje, karibu na migomba. Nami nashuhudia kwamba alitii, kwani mtoto huyu ana kiburi cha mawazo lakini hana kiburi cha miguu. Aliketi chini ya migomba na spika yake, akaacha nyimbo, akaanza kunasa vitu: mchi wangu kinuni, mbuzi wa jirani, kijana wa stendi anayewaita watu wapande basi dogo la kwenda Mansa. Vyote hivyo alivivunja. Nilivisikia kwa mbali, nikanuna, na mara moja, nilipomsikia yule kijana wa stendi akisema Mansa Mansa Mansa mpaka Mansa ikawa kama chura, nilicheka nikiwa nimeipa migomba mgongo. Hilo hakulijua mpaka leo.

Kabla sijafika kwenye ugonjwa, inanipasa niseme habari za vipaza sauti, maana bila hizo mambo hayataeleweka.

Jirani yangu wa mchangani, mwanamke mpole mwenye mahali pake hatua thelathini kutoka pangu, alichoka kuita kwa koo. Akanunua kipaza sauti, vile vinavyoshikwa mkononi, na akamwendea mjukuu wangu amnasie mwito. Mjukuu akamnasia vizuri. Asubuhi ya kwanza jirani akapata mtumbwi wake na mwingine juu yake. Wanawake wengine wanne walipoona hivyo walikimbilia meza ya mjukuu, kila mmoja na kipaza sauti chake, na hawa, badala ya kutaka miito yao, walitaka ule ule wa jirani.

"Basi nyie watano mutaita na sauti moja," mjukuu aliwaambia.

"Ile njo yenye baraka," wakamjibu. "Tuwekee ile ile."

Akawawekea. Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, na mwanamke mmoja akaita kutoka mahali patano. Tulisikia makasia yakienda kulia, yakirudi kushoto, wanaume wakitukanana ndani ya ukungu, mitumbwi ikigongana, na mmoja ukaenda kutua kwenye matete ambako hakuna mnunuzi ila viboko. Tangu siku ile wavuvi walikuwa na usemi: kipaza sauti ni mwongo. Wanawake wakarudi kwenye ndoo zao, na vipaza sauti vikaenda sokoni kuuza sabuni.

Msimu wa baridi uliofuata, ugonjwa ukanishika kifuani. Nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma, kisha asubuhi moja nikafungua kinywa na hakikutoka kitu. Muuguzi wa kliniki akaniambia nisiseme hata kwa kunong'ona mpaka aniruhusu, nami nilimtii, ingawa kutii kulikuwa kugumu kuliko kukohoa. Nikawa naongea kwa mkono na kwa macho. Mjukuu anasema macho yalikuwa makali zaidi. Hilo limo kwa idhini yangu.

Asubuhi ya kwanza bila sauti, mjukuu alikwenda mchangani nami, akatia uso wake katika ndoo yangu, akaita. Lazima niseme kweli: sauti ya mtoto huyu, nje ya ndoo na ndani ya ndoo, ni ya kifaranga. Haikuyapita matete. Jirani aliita mara moja tu, kwa koo lake, na mtumbwi wa yule mzee wa Mununga ukatua kwake. Ilikuwa haki yake. Aliniletea sahani ya samaki wabichi kama desturi inavyotaka, akanishika bega, akasema, "Pole, mama. Ni moja tu."

Ni moja tu, lakini sote tulijua kuhesabu mpaka tatu.

Mchana ule mjukuu alikuja kupiga magoti mbele yangu, jambo asilolifanya mara nyingi, nikajua ana kosa la kuungama.

"Kambo, usikasirike. Sauti yako minayo."

Nikamtazama.

"Mwaka jana, kwa baridi. Nilikuwa nyuma yako. Ulikuwa unaita, miye nikanasa. Sikukuomba ruhusa juu nilijua utakatala."

Nilinyoosha mkono nikamfinya sikio, kisha nikamwashiria aicheze sauti hiyo. Akacheza. Nami nikausikia mwito wa mama yangu ukitoka katika kisanduku, mzima, na koo langu lenyewe likiwa limefungwa. Sauti mbili ndefu, moja fupi, na ile inayopanda. Sikujua kwamba niliita vizuri kiasi kile. Mtu haisikii sauti yake akiwa ndani ya ndoo.

Asubuhi ya pili tuliweka spika ndani ya ndoo yangu, tukaielekeza majini, na mwito ukaenda ukunguni mwema kabisa. Tulisikia makasia yakija. Yakasimama. Mwito ukaenda tena. Makasia yakageuka, yakaenda kwa jirani.

Jirani alipoleta sahani yake hakutaka kuniangalia. Ilinibidi nimshike mkono na kumtikisa ndipo akasema.

"Mama, nimemuliza, juu hata miye nilishangaa. Anasema: bamayo ni mugonjwa, ziwa lote linajua. Sasa hii sauti ya mwanamuke wa nguvu ni ya nani? Anasema: ni kipaza sauti, mutu anamuibia mugonjwa mwito wake. Anasema angetua pale angekuwa anakusaliti."

Fikiria hilo. Alikwenda kwa mwingine kwa sababu ya uaminifu wake kwangu. Na yule mzee akishauza hulala kambini kwao, mbali, haonekani mpaka alfajiri. Na hata angeonekana, nimekwisha kusema kwamba maneno ya nchi kavu ni wizi. Imebaki asubuhi moja. Miaka yote ile, matusi yote yale, vitaisha kwa sababu mwito wangu ulikuwa mzima mno.

Niliketi uani na mihogo yangu iliyokuwa majini siku ya tatu, nikawa naijaribu mmoja mmoja kwa dole gumba, kwa kuwa mikono hutaka kazi wakati moyo hauna. Wasiojua mihogo ya huku wajue hili: ile michungu hailiwi ikiwa mizima. Ina sumu. Sharti uivundike majini, uiache iharibike. Ukiitoa mapema, uchungu umo na mtu ataumwa. Ukichelewa, inavunjika mikononi na kunuka, na unga hautoki. Katikati hapo kuna saa moja ambapo dole gumba likibonyeza, muhogo hukubali bila kupasuka. Saa hiyo hakuna anayekufundisha kwa maneno. Nilibonyeza muhogo, ukakubali. Na nikiwa na dole langu ndani ya muhogo nikalikumbuka lile neno la mjukuu nisilolipenda.

Nikaenda chini ya migomba. Nikaichukua ndoo, nikaigonga, nikaonyesha spika, kisha nikafanya kwa mikono miwili kama mtu anayevunja kijiti.

Alinielewa vibaya mara mbili, akidhani namwambia nitamvunja yeye. Mara ya tatu akafungua kinywa.

"Kambo unataka niivunje sauti yako?"

Nikatikisa kichwa, nikajigusa kifua, kisha nikamgusa yeye. Si wewe. Sisi.

Akaniwekea kigoda mbele ya kompyuta. "Ile nzima naweka pembeni, kambo, haitaguswa. Tunavunja nakala." Akafungua mwito wangu pale wanapofungulia barua, na kioo kikajaa alama mpaka pembeni, kama chisense waliomwagwa juu ya mkeka: nyingine zimelala, nyingine zimesimama, nyingine mikia tu.

Nikaonyesha kidole nikimuuliza kwa macho: hapa pameandikwa nini?

"Hata miye sijui," akasema. "Hakuna mutu anaweza soma hii, kambo. Hata mwalimu. Hata muzungu."

Naomba msomaji asimame hapo nami kidogo. Nimekaa mbele ya karatasi nyingi. Za mpakani, za kambi, za kliniki, za halmashauri. Kila karatasi iliyowahi kuwekwa mbele yangu, aliyekuwa upande wa pili wa meza aliijua na mimi sikuijua; akanisomea alichotaka, na dole langu gumba likatia wino chini ya maneno ya watu. Siku ile, chini ya migomba, kwa mara ya kwanza niliketi mbele ya maandishi na mtu aliyesoma, na tukawa sawa. Hakujua zaidi yangu hata herufi moja. Nilijikuta nimekaa wima.

Nikaanza na mstari wa juu kabisa, nikamwonyesha auondoe. Akasita, lakini ni bibi yake niliyeonyesha, akaondoa. Akacheza. Kimya, mashine ikakataa.

"Kichwa hatugusi, kambo. Kichwa njo kinaambia mashine huyu ni samaki gani."

Nikampiga kofi dogo la mkono. Angesema mapema. Nani asiyejua kwamba mnunuzi hutazama kichwa kwanza?

Akachukua nakala nyingine. Safari hii nilishuka mpaka katikati, nikawa nachagua kwa sura: hii iliyo kama ndoana, toa, hizi tano zilizopangana kama wanawake kisimani, toa, hii yenye jicho, iache. Nilichagua kwa furaha, nasikitika kusema, kama mtoto katika kapu la karanga. Tulipocheza ikatoka shwaa tupu, mafuta kwenye kikaango. Nikamwonyesha mihogo uani na vidole vyangu vitano: tumeivundika siku nyingi mno.

Akacheka. "Bon. Tutapunguza siku."

Nakala ya tatu tulikwenda polepole. Aliniwekea dole langu juu ya kitufe, na dole lile lile la wino na mihogo likabonyeza. Kipande hapa. Kipande kule. Yeye akachukua alama kutoka mwisho akazipanda katikati, akanitazama, nikakubali. Akataka kutoa mstari mzima karibu na chini, nikakataa. Kila baada ya kubonyeza tulisikiliza. Haijakubali. Bado. Bado kidogo. Jua likawa limekwenda upande wa barabara nilipomshika mkono aache.

Sauti ndefu ya kwanza ilianza vema, kisha ikanasa kama wavu kwenye kisiki, ikavutwa mara tatu, ikakwaruza, ikapita. Ya pili ilikatika katikati na kurudi mahali pasipotarajiwa. Ile fupi ilianguka. Na ile inayopanda ilipanda ikimeguka, chembe kwa chembe, mpaka juu, ikafika. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa kifua changu hasa, kama kilivyokuwa siku zile, kila ubavu.

Niligusa spika kwa dole gumba. Ilikubali.

Asubuhi ya tatu ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba nilisikia maji bila kuyaona miguuni. Jirani alikuwa mahali pake. Aliita kwa koo lake jema, nami simlaumu, kila mtu ana watoto. Mjukuu akatia spika ndani ya ndoo, akabonyeza.

Mwito ule uliovunjika ulipotoka, jirani alisahau kuita. "Mama," alisema katika giza lake jeupe la ukungu, "munapika nini kwa ndoo?"

Nikasikia makasia. Yalikuwa yakienda kwake; sikio langu halidanganyiki katika hilo. Mjukuu akabonyeza tena. Makasia yakasimama. Ndani ya ukungu sauti ya mzee ikasema, bila kumwambia mtu:

"Nani anachinja redio huko?"

Mjukuu alitaka kupaza sauti, alikuwa amekwisha vuta pumzi. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Mwito ndio unaosema, basi. Nikamwonyesha kitufe kwa kidevu, na akabonyeza mara ya tatu, kisha akashika upindo wa kitenge changu. Hilo nalo uliandike, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimedhani kwamba hofu ni yangu peke yangu.

Sikuhesabu ilichukua muda gani. Niliona kwanza weusi, kisha pua ya mtumbwi, kisha ule mchanga wangu, uliofagiliwa na mkono wangu, ukaguswa.

Mzee wa Mununga akaruka majini. Alinitazama, akaitazama ndoo, akamtazama mjukuu.

"Bamayo," akasema. "Nimeambia batoto bangu hivi: ile sauti ya jana ilikuwa ya mwanamuke muzima. Hii ya leo ni ya mugonjwa mwenye hasira. Na mugonjwa mwenye hasira ni mumoja tu kwa hii ziwa."

Muuguzi alikuwa ameniambia nisinong'one. Nilinong'ona.

"Shusha samaki."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sauti yangu ilirudi baadaye, si yote. Ya juu ilirudi na nyufa. Asubuhi moja betri ya spika iliisha, nikachukua ndoo, nikaita kwa koo langu mwenyewe, na kabla sijamaliza nikasikia jirani akicheka mpaka akakaa chini. Bila kukusudia nilikuwa nimeuita kama ulivyovunjwa, pamoja na kisiki na wavu na zile chembe. Mtumbwi ulikuja moja kwa moja. Mama yangu asingeutambua mwito huo, au pengine angeutambua; yeye naye alikuwa na kikohozi mwishoni.

Sheria ya migomba niliiondoa. Kompyuta sasa ina meza yake ndani, chini ya dirisha, nami humenya mihogo yangu karibu nayo na kusema lipi limekubali na lipi bado. Sheria ya nyimbo za kanisa inabaki.

Aliniuliza aufanyeje ule mwito mzima aliouweka pembeni, kwa kuwa mtumbwi hauuhitaji tena. Nilimwambia auhifadhi, asiutie spika, asimpe mtu nakala. Ule uliovunjika ni wa ziwa. Ule mzima ni wake. Huusikiliza mara chache akidhani nimelala baada ya chakula cha mchana, naye huuweka chini sana, na mimi huwa sijalala.

Na sasa lile nililokuitia. Andika: mjukuu wangu ana sikio, na alikuwa sahihi kabla yangu.

Umeandika? Hebu nione.

Nimeona. Mstari huo umeuandika kwa herufi ndogo kuliko mingine. Ufute, uuandike upya, uwe sawa na wenzake.